Kofia ya Pandu Mcha

Hakuwahi kuwa bwana harusi, Pandu Mcha,
si katika filamu hata moja.
Bibi harusi walipewa wenye mabega,
yeye akapewa kufungua geti,
kupokea barua,
kufa dakika ya ishirini ili wengine wapate la kulilia.

Kipangani, Wete, banda la video la Rubea:
wanaume mbele kwenye mabenchi,
sisi nyuma ya pazia la kanga mbili, juu ya jamvi,
kiingilio shilingi hamsini, msimu wa karafuu mia,
maana Rubea aliijua mifuko yetu kuliko sisi.
Nashona kofia kwa mwanga wa kioo,
tobo, uzi, tobo, uzi.
"Steringi hafi," watoto wakasema,
na kweli hakufa. Alikufa Pandu.

Alikufa kwa panga, kwa sumu ya panya, kwa ngazi mbovu.
Katika *Kilemba cha Mkopo* alikufa kwa aibu tu,
amekaa kwenye kiti cha plastiki.
Hakulia, hakuinamisha kichwa.
Alivua kiatu kimoja akachungulia ndani
kama mtu atafutaye kijiwe,
na kijiwe hakimo.
Nilijidunga sindano, bafta ikaingia damu.

Wengine watakwambia kazi yake ni *Zamu ya Tatu*,
pale mlinzi anapommulika mwizi kwa tochi, akamuuliza,
"Mzee Mjaka hajambo kifua?"
na mwizi akautua mfuko chini.
Sikatai.
Ila wakapachika muziki mzito pale,
kana kwamba sisi hatuna macho.

Yangu mimi ni ile ya dobi.
Dakika nne, tena hazitimii.
Mjane ameleta shati la mumewe, anataka lipigwe pasi,
hasemi la nini.
Pandu anapuliza makaa, jivu linamrukia kwenye kope.
Anaanza na kola.
Anafunga vifungo vyote, kimoja kimoja,
kama anayemvalisha mtu.
"Nikulipe nini?" mjane anauliza.
Pandu anainua uso, mdomo unafunguka,

umeme ukakatika.

Wete ya siku zile, jenereta lilikuwa na maradhi yake.
Tukakaa gizani na mbu, Rubea anamlaani fundi.
Haukurudi. Asubuhi kanda ikapanda meli kwenda Unguja.

Miaka kumi na tisa nikamjibia mimi.
Nikiosha vyombo: "Hulipi kitu, dada, nilikuwa na deni lake."
Nikiwa na hasira: "Mia mbili, na makaa juu yako."
Othman alipofariki nililipiga pasi shati lake la kijani,
nikafunga vifungo vyote,
nikajua nimefundishwa na nani.

Mwaka jana Ruzuna, mtoto wa dada yangu, akaja na simu:
"Mtu wako huyu, nimempata mzima mzima."
Nikavaa miwani. Kola. Vifungo. "Nikulipe nini?"
Mdomo ukafunguka.
Pandu akakohoa.
Moshi wa makaa tu. Picha ikahamia harusini.

Ruzuna akacheka hadi akakaa chini.
Nikamwambia, irudishe.
Mara ya tatu ndipo nilipoona:
anapokohoa, mkono wa kushoto
unalisukuma shati taratibu hadi kwa mjane,
kisha unarudi mtupu.

Kichwa chake inchi ishirini na mbili na nusu.
Nimempima kwa jicho, na vichwa sikosei.
Kofia niliianza usiku ule wa giza,
umebaki mzunguko mmoja.
Mnunuzi wa Maskati ametoa laki na nusu,
nikamwambia ina mwenyewe.

Nasikia yuko Jang'ombe, miguu imemjaa maji, hatoki.
Nikikaza uzi wa mwisho itanibidi niipeleke,
na mlangoni ataniuliza, "Nikulipe nini?"
Nami kukohoa kama yeye
siwezi.